TAHARIRI: Daftari la Wadhalilishaji na Muhali Wetu

 

Katika toleo hili tumekusudia kulizungumza jambo ambalo wengi wetu hulizungumza kwa kunong'ona, au hulinyamazia kabisa, nalo ni udhalilishaji wa watoto. Yamesemwa mengi juu ya ubaya wake, na hapana Muislamu anayehitaji kuthibitishiwa kuwa ni haramu. Sisi tunataka kuligusa fungu moja tu lisilosikika sana katika mimbari zetu: mtu akishathibitika mahakamani kuwa ni mdhalilishaji, na akishaitumikia adhabu yake, je, jamii iendelee kumjua kwa sifa hiyo? Ajulikane na nani, na kwa muda gani? Nchi kadhaa zimelijibu suala hili kwa kuweka daftari. Ni haki ya Waislamu wa Kojani, na wa visiwa hivi kwa jumla, kufahamu daftari hilo ni kitu gani kabla ya kulishangilia au kulikataa.

Daftari hizi, kwa sura zinavyojulikana leo, zilienea kutoka Marekani. Mwaka 1990 jimbo la Washington lilitunga sheria ya kuwaarifu wakaazi pale mdhalilishaji wa hatari anapotoka gerezani na kuhamia mtaani kwao. Mwaka 1994 Serikali Kuu ya nchi hiyo iliyataka majimbo yote yawe na daftari, na mwaka 1996 ikaongeza sharti la kuwajuulisha raia. Sharti hilo linajulikana kwa jina la Megan, mtoto wa miaka saba wa jimbo la New Jersey, aliyeuliwa mwaka 1994 na jirani aliyekwisha kutiwa hatiani kabla kwa makosa ya aina hiyo, na wazee wa mtoto hawakuwa na khabari.

Tuuchukue mfano wa jimbo la New York, ambalo sheria yake ilianza kutumika mwaka huo wa 1996, kwa kuwa linaonyesha vizuri namna kazi inavyofanyika. Aliyetiwa hatiani hachanganywi na wenziwe wote katika orodha moja, hupimwa. Kabla hajatoka, bodi maalumu huangalia waliodhuriwa walikuwa wangapi na wa umri gani, kama silaha ilitumika, kama mkosaji alikuwa mtu aliyeaminiwa na mtoto au mgeni asiyemjua, kama amewahi kukosa kabla, kama ana ulevi, kama amelikubali kosa lake, na anakwenda kuishi wapi na kufanya kazi gani. Bodi hupendekeza, lakini anayeamua ni hakimu, na mkosaji ana haki ya kuwa na wakili na kubisha. Mwisho wake huwekwa katika daraja la kwanza, la pili au la tatu, kwa kadiri inavyokhofiwa kuwa atarejea kosa na ukubwa wa madhara atakayoyaleta. Wa daraja la kwanza kwa kawaida hubakia daftarini miaka 20. Wa daraja la pili na la tatu hubakia umri wao wote, ijapokuwa wa la pili anaweza kuomba afutwe baada ya miaka mingi. Anayehama hutakiwa aarifu ndani ya siku 10. Wa daraja la tatu hutakiwa kufika polisi kwa miguu yake kila siku 90 athibitishe anapoishi. Majina ya daraja la pili na la tatu hutangazwa katika mtandao kila mtu akayaona, na ya daraja la kwanza hayawekwi humo.

Ipo njia nyengine. Sheria ya Serikali Kuu ya Marekani ya mwaka 2006 nayo ina madaraja matatu, lakini haimpimi mtu. Hulitazama kosa alilohukumiwa, na kwa kosa hilo humwandika miaka 15, miaka 25, au maisha. Njia ya kwanza huuliza mtu huyu ni nani na atafanya nini kesho. Ya pili huuliza alifanya nini jana. Kila moja ina watetezi wake, na sisi tunaielekea ya kwanza, kwa sababu tutakazozieleza tukifika kwenye mlango wa toba.

Msomaji wetu wa Kojani huenda akasema: New York na sisi wapi na wapi? Ni haki yake kusema hivyo. Basi na tuje karibu, tuje Kenya, ambako si mbali kwa mtu mwenye chombo na upepo.

Wakojani ni watu wa dago. Hili halihitaji kuelezwa kwa Mkojani, ila tunalitaja kwa faida ya wasomaji wetu wa Unguja na wa Bara: kisiwa kidogo, nyumba zimeshikana, ardhi ya kulima haba, na riziki iko baharini. Kwa hiyo vijana na wazee hutoka kwa makundi, wakapiga kambi Tanga, Mafia, Kilwa, na upande wa pili Vanga, Shimoni mpaka Malindi, wakakaa huko miezi. Wengine hawakurudi, wajukuu wa Wapemba waliohamia pwani ya Kenya ni wengi, na mwaka 2023 Serikali ya nchi hiyo iliwatambua rasmi baada ya kuishi miaka mingi bila ya vitambulisho. Maana yake ni kwamba sheria ya Kenya si khabari ya watu wengine. Mkojani aliyeko Shimoni anahukumiwa kwayo, na mtoto wa Kikojani aliyeko Shimoni analindwa kwayo.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ilipitishwa mwaka 2006, kwa juhudi za mbunge wa wakati huo Bibi Njoki Ndung'u. Aliyemuingilia mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha; mtoto wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20; wa miaka 16 hadi 18, kisichopungua miaka 15. Haya aghlabu ya watu wameyasikia. Wasilolisikia ni kwamba mahakama ya Kenya inaweza kumtangaza mtu kuwa ni mdhalilishaji wa hatari, akiwa ametiwa hatiani zaidi ya mara moja, au alitumia nguvu au vitisho, au aliyemdhuru ni mtoto. Akishatangazwa hivyo, mahakama inaweza kuamuru awe chini ya uangalizi baada ya kutoka gerezani, hata kwa maisha yake yote yaliyobakia: azuiwe kufika pahala fulani, azuiwe kuomba kazi ya aina fulani, aache ulevi, ahudhurie mafunzo ya kumrekebisha.

Na daftari lipo. Sheria hiyo imemuamrisha Msajili wa Mahakama Kuu alitunze daftari la waliotiwa hatiani. Lakini, na hapa ndipo Kenya ilipoachana na Marekani, daftari hilo haliwekwi mbele ya kila mpita njia. Hufunguliwa kwa mtu mwenye sababu ya maana ya kutaka kulitazama, na anayeamua kuwa sababu ni ya maana ni Msajili. Mwenye skuli anayetaka kuajiri ana sababu. Mwenye kutaka porojo za barazani hana. Zaidi ya hayo, mtu aliyetiwa hatiani akiomba kazi ya kuwa na mamlaka juu ya watoto au ya kuwalea, naye akaficha hukumu yake, kule kuficha peke yake ni kosa jengine la jinai. Na mwalimu anayeitumia nafasi yake kumshawishi mwanafunzi ana kifungo kisichopungua miaka 10, awe anasomesha katika taasisi rasmi au isiyo rasmi. Maneno hayo mawili, isiyo rasmi, yanakiingiza chuo cha Qur-ani, na wala hatuoni kosa kuingizwa.

Afrika Kusini wamekwenda njia hiyo hiyo: daftari lao lilianza mwaka 2009, raia hawalioni, lakini mwajiri wa watu wanaoshughulika na watoto analazimika kuulizia. Nigeria walianzisha lao mwaka 2019. Bunge la Uganda lilipitisha mswada wenye daftari mwaka 2021, na Rais wa nchi hiyo akakataa kuutia saini.

Turudi kwetu. Zanzibar haina upungufu wa sheria. Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011 ilisifiwa nje ya nchi hata ikapewa tunzo ya kimataifa mwaka 2015. Sheria ya Adhabu Namba 6 ya mwaka 2018 ina adhabu za ubakaji na ulawiti zinazoweza kufika kifungo cha maisha. Tangu mwaka 2011 vimeanzishwa vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, ambamo daktari, polisi na mtu wa ustawi wa jamii hukutana chini ya paa moja ili mtoto asizungushwe ofisi hadi ofisi akirudia maneno yale yale ya kuumiza. Mwaka 2021 ikaanzishwa mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji. Wala tusidhani kuwa mambo haya ni ya kuigiza. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, uliowauliza vijana wenyewe, ulionyesha kuwa kwa upande wa Zanzibar kiasi cha asilimia 6 ya wanawake na asilimia 9 ya wanaume walipata kudhalilishwa kijinsia kabla ya kutimia miaka 18. Msomaji asome tena: wanaume ni wengi zaidi. Mzazi wa Kizanzibari humchunga binti yake kwa macho mawili na mvulana akamwachia mlango wazi, alale popote, aende na yeyote.

(Tuseme kwa kupita: kwetu gereza huitwa Chuo cha Mafunzo, na anayefungwa humo huitwa mwanafunzi. Jina zuri. Lakini mtoto naye yuko chuoni, na baadhi ya wanaostahiki kupelekwa chuo kile wamekaa wakisomesha katika chuo hiki.)

Tumefika penye kidonda. Daftari lolote, la New York, la Nairobi au litakalokuja kwetu, huanza na hukumu. Pasipo hukumu hapana jina, pasipo jina hapana daraja, na pasipo daraja hapana wa kuulizwa. Hukumu huanza na kesi, kesi huanza na shahidi, na shahidi wetu hufia njiani kwa maradhi yanayoitwa muhali.

Kila mmoja wetu anaijua njia yake. Mtoto anamwambia mama. Mama anamwambia baba. Baba anakasirika usiku mmoja, na asubuhi anamkuta mlangoni mjomba wa mkosaji, mzee wa heshima, kavaa kanzu na kofia, anasema sote ni damu moja, tusiuane kwa jambo lililokwisha kutokea. Linakaliwa kikao. Pengine hutoka fedha ikaitwa sadaka au gharama ya matibabu. Pengine, na hili ni baya zaidi, binti aliyedhulumiwa huozeshwa aliyemdhulumu, ikasemwa kuwa aibu imefunikwa. Na ikiwa mkosaji ni mwalimu wa chuo, hushauriwa aondoke. Hupandishwa chombo kabla ya alfajiri, na mwezi haujamalizika yuko kisiwa chengine au dago jengine, amekaa juu ya mkeka, na watoto wapya wamemzunguka na juzuu zao. Wale wa huko hawana pa kuuliza. Na lau wangeuliza, sisi wa huku tungewajibu kuwa ni mtu mwema.

Tunazoziandika si khabari za mtu mmoja wala za kisiwa kimoja. Ni mwenendo unaojulikana Unguja na Pemba, na wanaoshughulikia kesi hizi hawaachi kulalamika kuwa mashahidi hawafiki au hubadilisha maneno. Katika Kojani uzito wake ni mkubwa zaidi kwa sababu hapana mtu asiye jamaa ya mtu. Kumshitaki mtu kwetu ni kumshitaki mume wa shangazi.

Wanaotetea vikao hivi hutumia hoja za dini, nasi hatuna budi kuzijibu kwa dini, kwa kuwa ndiyo kazi ya jarida hili.

Husema kwanza kwamba Mtume (S.A.W.) amehimiza kumsitiri Muislamu. Ni kweli, na Hadithi yake ni sahihi. Lakini Imamu Nawawi, ambaye hapana mwalimu wa Kishafii katika mwambao huu asiyesomesha vitabu vyake, ameifafanua Hadithi hiyo kwa kusema kuwa sitara ni ya mtu asiyejulikana kwa maudhi na ufisadi, katika dhambi iliyokwisha kupita. Ama anayejulikana kwa kudhuru watu, haipendezi kusitiriwa, bali hupelekwa kwa mwenye mamlaka, kwani kumsitiri ni kumpa moyo na kuwapa moyo wengine mfano wake. Imamu huyo huyo, katika Riyadhus Swalihin, amezitaja sababu zinazohalalisha kumsema mtu asiyekuwepo. Miongoni mwake ni kupeleka malalamiko ya dhulma na kuwatahadharisha Waislamu na shari. Basi anayemwambia imamu wa kijiji chengine kuwa mwalimu uliyempokea alihukumiwa kwa kudhuru watoto, hakusengenya. Ametekeleza nasaha.

Husema pili kwamba dini imetaka mashahidi wanne. Hapa pamechanganywa mambo mawili. Mashahidi wanne wa Suratun Nur ni kwa ajili ya kuthibitisha zinaa ili itekelezwe hadi yake, na ni kinga ya heshima za watu wasizushiwe. Hayakuwekwa yawe ngome ya anayemvamia mtoto pahala pasipo mtu. Dhulma ina mlango wake, na taazir huthibitika kwa dalili chini ya hapo, nayo iko mikononi mwa mtawala. Kadhi Ibn al-Arabi, mwanachuoni wa Kimaliki wa Andalusia, aliletewa wanyang'anyi waliomteka mwanamke. Wenziwe wakasema haraba ni ya mali tu. Yeye akawashangaa, akaona kuwa kuporwa utu ni kukubwa kuliko kuporwa mali, na akawahisabu kuwa ni waliopiga vita Allah na Mtume wake. Na ieleweke pia kuwa Mahakama ya Kadhi yetu ni ya ndoa, talaka, mirathi na yanayofanana na hayo. Haina mamlaka juu ya ubakaji. Anayesema tulipeleke kwa Kadhi likamalizike huko, analipeleka pasipo pahala pake.

Husema tatu, na hii ndiyo wanayoitamka kwa sauti ya chini, kwamba kuandika watu madaftarini kwa aibu zao ni desturi ya makafiri. Subhanallah! Umma gani umeandika watu kwa kasoro zao kuliko umma huu? Maulamaa wa Hadithi wamejaza majuzuu kwa majina ya wapokezi: huyu ni mwaminifu, huyu ana udhaifu, huyu ni muongo, huyu ameachwa. Imamu Dhahabi ana kitabu kizima cha wapokezi waliotiwa kasoro. Hafidh Ibn Hajar, aliyefariki mwaka 1449, amewapanga wapokezi katika madaraja 12, kutoka Masahaba mpaka waongo, kila mmoja kwa kipimo chake. Ali bin al-Madini aliulizwa juu ya baba yake mzazi, akataka waulizwe wengine. Walipomshikilia, akasema kuwa hii ni dini, na baba yake ni dhaifu katika kupokea. Huyo hakuwa na muhali. Yote hayo yalifanywa ili maneno ya Mtume (S.A.W.) yasipokewe kutoka kwa asiyeaminika. Leo tunamkabidhi mtu watoto 40 wa kuwafundisha Maneno ya Allah, na hatuulizi hata alikotoka.

Ila elimu hiyo hiyo ya jarhi na taadili inatufunza adabu ya daftari. Maulamaa hao hawakusema ila kwa uthibitisho, hawakuzidisha juu ya haja, na hawakumtukana mtoto wa mtu kwa kosa la baba yake. Kwa hiyo hatuungi mkono kubandika picha kwenye miti, wala kusambaza majina katika makundi ya WhatsApp, ambako uzushi husafiri kwa upesi kuliko ukweli, na ambako anayesambaza asichokuwa na ushahidi nacho huenda akawa ameingia katika kashfa ambayo Qur-ani imeiwekea mijeledi 80. Katika kisiwa kama Kojani kumtaja mkosaji hadharani mara nyingi ni kumtaja mtoto aliyedhuriwa, kwani kila mtu atajua ni wa nyumba ipi. Hata Marekani kwenyewe wapo wanaojuta. Utafiti wa Prescott na Rockoff uliochapishwa mwaka 2011 uliona kuwa kuwaandikisha wakosaji kwa polisi kulisaidia kupunguza makosa, khasa dhidi ya jamaa na majirani, lakini kuyatangaza majina kwa watu wote kulionyesha dalili za kuwafanya walioandikwa warejee makosa. Mtu asiye na kazi, asiye na pa kulala na asiyeitikiwa salamu hana cha kupoteza. Nasi tungependelea njia ya Kenya: liwepo, litunzwe na mwenye mamlaka, na lifunguliwe kwa mwenye haja.

Ama mlango wa toba, haufungwi na mtu. Lakini Mashafii wana mas-ala mazuri hapa ambayo tungependa masheikh wetu wayasomeshe kwa sauti. Fasiki aliyetubia haukubaliwi ushahidi wake siku ile ile. Husubiriwa akajaribiwa muda ambao hudhaniwa kuwa toba yake ni ya kweli, na wengi wao wameukadiria mwaka mmoja, ili zimpitie kaskazi na kusi aonekane hali yake. Huku ndiko kupima hatari kabla hakujaitwa kwa jina hilo, na ndiyo sababu tukasema tunaielekea sheria inayompima mtu kuliko inayolipima kosa peke yake. Aliyetoka Chuo cha Mafunzo akatubia ana haki ya safu ya mbele msikitini, ana haki ya kwenda bahari na wenziwe, ana haki ya kuozwa na kuzikwa. Hana haki ya kukabidhiwa watoto. Mwizi aliyetubia twaswali nyuma yake, na ufunguo wa baitul mali hatumpi.

Wala tusidanganyike kuwa daftari litatutosha. Mdhalilishaji wa watoto aghlabu ni mtu anayejulikana nyumbani: ami, jirani, kaka wa kambo, mwalimu. Wengi wao hawana hukumu yoyote, na daftari halina jina lao. Kwa hao kinga ni mzazi anayemsikiliza mtoto na asimpige kwa kusema.

Kwa hiyo tunawaomba maimamu na kamati za misikiti ya Kojani yafuatayo, nayo hayahitaji kusubiri Baraza la Wawakilishi. Mtoto akisema, asioshwe na nguo zake zisifuliwe; achukuliwe siku hiyo hiyo kituo cha Mkono kwa Mkono, na apatikane mtu wa kumlipia chombo na gari mzazi asiye na nauli, kwani kuvuka na kufika Wete au Chake Chake ni gharama, na kesi nyingi hufa kwa kukosa nauli kabla hazijafa kwa muhali. Imamu asikae katika kikao cha sulhu ya jambo hili, hata akiitwa na mzee wake. Chuo kisisomeshwe kwa mlango uliofungwa, wala mwalimu asilale na mwanafunzi pahala pamoja, wala mtoto asitumwe peke yake nyumbani kwa mwalimu. Anayekuja kusomesha kutoka nje aje na barua ya alikotoka, iliyosainiwa na imamu na sheha wa huko, nasi tuwapigie simu tuwaulize kabla hajakabidhiwa mkeka. Na anayetoka kwetu kwenda kusomesha madago asiondoke bila ya barua kama hiyo; tukiwa tunajua kuwa ana hukumu, tusimwandikie, na tukiulizwa tuseme.

Litabakia suala la nani atunze kumbukumbu za barua hizo. Katika mazungumzo yetu wengine walipendekeza akae nazo imamu peke yake, sisi hatukuafiki. Imamu ni binaadamu, ana jamaa. Kitabu kikae kwa sheha, nakala iwe kwa kamati ya msikiti, na kisifunguliwe ila mbele ya watu watatu, mmoja wao mwanamke.